Subaru, Mark X au Swift? Hesabu ya mafuta kwa anayetaka gari lenye mwendo la kwenda nalo kazini

Swali: "Shikamoo fundi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Goba, ofisi yetu iko Posta, siku sita kwa wiki. Kwenda ni kilomita 24, kurudi vilevile, na nusu ya njia ni foleni. Nimeendesha IST miaka saba na imenichosha. Nataka gari ambalo nikikanyaga linaitika. Nimeweka milioni 25. Macho yangu yapo kwenye Subaru Impreza ya turbo, mume wangu anasema Mark X, kaka yangu anasema Swift Sport. Kila ninayemuuliza ananiambia nitafilisika kwa mafuta, lakini hakuna anayenipa hesabu. Desemba huwa tunakwenda Moshi. Na je, nikiweka gesi si nitakuwa nimemaliza tatizo? Nisaidie."

Jibu:

Marahaba, mdogo wangu. Nimesoma ujumbe wako mara mbili, na sitakuambia ubaki na IST. Mtu anayekaa barabarani saa tatu kila siku ana haki ya kulipenda gari lake. Umeuliza jambo ambalo watu hulijibu kwa vitisho, basi ngoja tulijibu kwa namba.

Kilomita 24 kwenda na 24 kurudi ni 48. Siku sita kwa wiki ni kama siku 25 kwa mwezi. Hizo ni kilomita 1,200, kabla hujampeleka mtoto kliniki wala hujaenda kwenye sherehe ya mtu. Bei ya petroli EWURA huitangaza upya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo hapa nitatumia shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi. Wewe weka bei ya mwezi unaosoma. Uwiano kati ya magari hautabadilika.

Magari haya matatu yamepita mikononi mwangu mengi, na nayapima kwa kujaza tenki, si kwa kuamini kile kinachoandikwa kwenye dashibodi. Katika njia kama yako, nusu foleni na AC imewashwa muda wote, Impreza ya turbo ya otomatiki hunipa kilomita 6 hadi 7 kwa lita. Mark X ya CC 2500 hunipa 7 hadi 8. Swift Sport ya CC 1600 hunipa 10 hadi 11. Tuchukue katikati. Impreza itakunywa lita 185 kwa mwezi, sawa na shilingi 555,000. Mark X lita 160, sawa na 480,000. Swift lita 114, kama 343,000. Kati ya Impreza na Swift kuna zaidi ya laki mbili kila mwezi, milioni mbili na nusu kwa mwaka. Na IST yako, hata kama ni nzima kabisa na inakupa kilomita 12, inakunywa lita 100, yaani laki tatu. Maana yake ukitoka IST kwenda Swift Sport, unaongeza kama elfu arobaini na tatu kwa mwezi tu. Hapo hakuna kufilisika.

Sasa naomba unisikilize kwenye jambo moja, kwa sababu ndilo linalowapoteza wanunuzi wengi. Kipimo chetu cha kilomita kwa lita kinadanganya macho. Mtu akikuambia gari hili linakwenda 12 na lile 13, na mwingine akakuambia hili 6 na lile 7, unaona tofauti ni ileile, kilomita moja. Siyo ileile. Kwa kilomita zako 1,200, kutoka 12 hadi 13 unaokoa lita nane hivi. Kutoka 6 hadi 7 unaokoa lita 28 na zaidi. Kwa hiyo mtu anayechagua kati ya magari mawili madogo asipoteze usingizi kwa kilomita moja, ila anayechagua kati ya magari yenye ulaji mkubwa, kilomita moja hiyo ni karibu elfu tisini kwa mwezi. Wazungu wa Ulaya wanahesabu lita kwa kilomita mia, na kwa kazi hii njia yao ni nzuri zaidi. Ukikutana na namba zao, gawa 100 kwa namba hiyo utapata kilomita kwa lita. Ukikutana na maili kwa galoni za Marekani, zidisha kwa 0.425.

Nakuandikia hivyo kwa sababu najua utaingia mtandaoni kutafuta, na namba utakazozikuta zinahitaji kusomwa kwa makini. Magari ya Japani ya miaka ya 2000 yalipimwa kwa utaratibu ulioitwa 10-15, ambao ulianza injini ikiwa tayari ina moto na haukuzidi kilomita 70 kwa saa. Ukaja JC08, uliokuwa mkali kidogo, kisha WLTC. Swift Sport unayoitaja, ile ya 2011 hadi 2016, ilipimwa kwa JC08 ikapata kilomita 15.6 kwa lita kwa giaboksi ya CVT, ambayo ni aina ya otomatiki, na 14.8 kwa manyuo, yaani gia za mkono. Ukiiangalia ile JC08, wastani wa mwendo wake ni kama kilomita 24 kwa saa, utadhani wamepima Mwenge saa kumi na mbili jioni. Lakini AC ilikuwa imezimwa, gari liko kwenye rola ndani ya maabara, hakuna bodaboda anayekukatia mbele, hakuna kilima, na dereva anafuata mstari kwenye skrini kwa upole mtupu. Kwa uzoefu wangu, namba ya JC08 ipunguze theluthi moja ndipo uipeleke Dar. Ile ya 10-15 ipunguze zaidi.

Tuje kwenye chanzo cha ulaji wenyewe. Watu hudhani gari la spoti linakula mafuta kwa sababu lina farasi wengi. Kwenye foleni, farasi hao wamelala. Kinachokula pale ni uzito. Kila unapoondoka kwenye taa hadi kufika 40, umewekeza nguvu kwenye kilo zote za gari, kisha unakanyaga breki na nguvu ile yote inageuka joto kwenye diski. Halafu unaanza upya. Ukipiga hesabu ya fizikia ya kawaida, na kukubali kwamba katika mafuta unayochoma mjini ni kama sehemu moja ya tano tu inayofika kwenye magurudumu, lita moja ya petroli inatosha kuamsha gari la kilo 1,500 kutoka kusimama hadi 40 kama mara 70. Gari la kilo 1,050 litaamka kama mara 100. Mark X ni karibu kilo 1,500. Impreza ya turbo ni karibu 1,400, na inazungusha magurudumu manne wakati wote. Swift Sport ni 1,050 kwa manyuo na kilo chache zaidi kwa CVT.

Na sasa angalia hili, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo. Swift Sport ina farasi 136. Mark X ya kizazi cha pili, GRX130, ina 203. Ukigawa uzito kwa farasi, kila farasi wa Swift anabeba kilo 7.7, na kila farasi wa Mark X anabeba kama 7.4. Ni kitu kilekile! Mume wako anaona injini ya silinda sita na sauti yake tamu, na sauti hiyo ni tamu kweli, simpingi. Ila ukikanyaga kutoka Makongo kupanda, haya magari mawili yana hamu inayokaribiana, na moja linaburuta kilo 450 zaidi. Impreza ndiyo iliyo tofauti: farasi 250, kilo 5.6 kwa kila farasi. Hilo ni gari la mbio hasa. Swali ni wapi utawafungulia hao farasi kati ya Goba na Posta.

Kuna pia mafuta yanayoondoka ukiwa umesimama. Nina kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani kinachosoma kompyuta ya gari, na siku moja nilikiacha kwenye Mark X tukiwa tumekwama, AC imewashwa. Kilikuwa kinasoma kama lita moja na robo kwa saa, gari halijasogea hata hatua. Swift katika hali hiyo ilikuwa chini ya lita moja. Ukiwa unasimama jumla ya saa moja kwa siku, hizo ni lita nane hadi kumi za tofauti kwa mwezi. Si kubwa, ila zinaingia kwenye hesabu.

Impreza naomba niieleze kwa haki, maana ndiyo unayoipenda. Injini yake ya turbo ina tabia mbili. Ukiiendesha kwa mguu mwepesi, turbo, ile pampu inayosukuma hewa zaidi kwenye injini, haijajaza, ni injini ya CC 2000 ya kawaida inayochanganya hewa na petroli kwa uwiano wa kama 14.7 kwa moja. Ukikanyaga turbo ikajaza, kompyuta inaongeza petroli mpaka uwiano unashuka hadi 12 au 11, na petroli hiyo ya ziada kazi yake ni kupoza vyumba vya kuchomea ili pistoni zisiungue. Yaani unanunua petroli ya kupozea injini. Ndiyo maana madereva wawili wenye Impreza zinazofanana, mmoja anakuambia 8 na mwingine 5, na wote wanasema kweli. Kwenye zile za mwaka 2007 na kuendelea zinazoitwa S-GT, otomatiki yake ni ya gia nne tu. Gia nne kwa injini ya namna ile ni chache: mjini inavuta kwa mizunguko mingi, na barabara kuu injini inazunguka juu. Ukiamua Impreza, tafuta ya manyuo ya gia tano. Itakupa karibu kilomita moja zaidi kwa lita, na umeshaona kilomita moja kwenye ulaji wa namna hiyo ina thamani gani.

Halafu fungua kile kifuniko cha mafuta. Ndani, karibu na mdomo wa tenki, magari haya mara nyingi yana kibandiko cha Kijapani. Kikisema ハイオク au プレミアム, gari linadai petroli ya okteni ya juu, yaani inayostahimili zaidi kabla ya kulipuka yenyewe ndani ya injini. Japani petroli ya kawaida huanzia okteni 89 na ile ya juu huanzia 96. Impreza ya turbo inadai ya juu, Swift Sport nayo inadai ya juu, Mark X ya kwanza ya 2004 yenye farasi 215 inadai ya juu, ila GRX130 ya CC 2500 iliyoanza 2009 ilitengenezwa kutumia ya kawaida. Ukiweka okteni ya chini kwenye Swift, kompyuta inachelewesha cheche, unapoteza nguvu kidogo na mafuta kidogo. Ukiweka kwenye turbo na bado ukakanyaga sana, unacheza na pistoni. Kwa hiyo ukiwa sheli soma namba iliyoandikwa kwenye pampu, na kama huioni muulize mhudumu kabla hajaingiza bomba.

Mafuta unayolipia yana jambo jingine ndani yake ambalo wengi wamelisahau. Tangu bajeti ya mwaka 2017/18 ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa na badala yake ushuru ukaongezwa kwenye kila lita. Zamani mwenye gari kubwa na mwenye gari dogo walilipa mara moja kwa mwaka wakamaliza. Leo anayenunua lita 185 kwa mwezi anachangia zaidi ya anayenunua 114, kila mwezi, bila kupewa risiti ya kukumbusha. Na wakati wa kuagiza, injini ikipita CC 2000 ushuru wa bidhaa unapanda daraja. Swift na Impreza ya CC 2000 zipo chini ya mstari huo, Mark X imeuvuka. Ingiza kila gari kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujalipa hata senti Japani, pamoja na mwaka wake, kwa sababu umri nao unatozwa.

Niliyokwisha kusema yote yanadhani gari ni zima. Hapo ndipo penye shida kubwa kuliko aina ya gari. Mwaka 2013 nilinunua Altezza, ile RS200 ya injini ya 3S-GE, gia sita za manyuo. Wakati huo kazi yangu ilikuwa malori ya dizeli. Ikawa inanipa kilomita 6 kwa lita, na kila gereji niliyoulizia nilijibiwa kwamba Altezza ndivyo zilivyo. Nililipa mafuta hayo miezi minne. Asubuhi moja natoka Kibaha barabara ikiwa tupu, nikatupa jicho kwenye mshale wa joto. Ulikuwa umelala robo. Nilipokanyaga ukashuka zaidi, upepo unaupoza. Injini nzima haifanyi hivyo. Jumapili nilifungua bomba linalotoka kwenye rejeta, nikafungua nyumba ya themostati, nikakuta tundu tupu. Fundi fulani kabla yangu alikuwa ameitoa akaitupa, kwa ile imani iliyoenea kwamba nchi yetu ni ya joto kwa hiyo themostati haina kazi.

Ina kazi kubwa. Bila themostati maji yanazunguka kwenye rejeta muda wote, injini haifiki joto lake, na kompyuta inaamini kwamba gari ndiyo kwanza limewashwa asubuhi. Inaendelea kuongeza petroli ya kuwashia, saa nzima, siku nzima. Oili nayo inabaki nzito. Nilinunua themostati mpya, ikaingia mkononi mwangu kama kizibo cha chupa, nikaifunga, nikabadilisha na plagi zilizokuwa zimejaa masizi. Wiki mbili baadaye Altezza ileile, njia ileile, ikasoma 7.5. Uchungu wa ile miezi minne bado ninao, na ndiyo sababu sasa kila anayeniletea malalamiko ya ulaji naanza na mshale wa joto.

Kwa hiyo ukienda kuangalia gari la mkononi, mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Gusa boneti, iwe baridi. Washa mwenyewe. Kabla ya kuwasha, ukifungua swichi tu, taa ya injini lazima iwake kwenye dashibodi, kisha izime injini ikishika. Kama haikuwaka kabisa, ujue kuna mtu ametoa balbu ili usione ugonjwa. Endesha kama dakika kumi hadi kumi na tano: mshale ufike karibu na katikati na utulie hapo, kwenye kifaa usome kama nyuzi 85 hadi 95. Kifaa hichohicho kina namba inayoonyesha kompyuta inaongeza au inapunguza petroli kwa asilimia ngapi kusahihisha makosa; ikikaa zaidi ya asilimia kumi kwa muda mrefu, kuna kitu kinavuja au sensa imechoka. Mwombe fundi wako atoe plagi moja. Rangi ya kahawia iliyofifia au kijivu ni nzuri, nyeusi yenye masizi inakula mafuta. Ukisimama mwisho wa safari, pitisha mkono karibu na kila rimu bila kugusa. Moja likiwa la moto kuliko mengine, breki yake imeng'ang'ania, na umekuwa ukiisukuma muda wote.

Muulize pia kama masega ya egzosi, yale yanayosafisha moshi, bado yapo. Vijana wengi wenye magari ya namna hii huyatoa, wengine kwa ajili ya sauti, wengine kwa sababu yana wanunuzi. Yakishatolewa, taa ya injini inawaka na kubaki imewaka, na siku tatizo la kweli likija hutalijua. Na angalia rimu. Rimu kubwa nzito na matairi mapana vinapendeza, ila vinadai mafuta kila unapoondoka. Rudisha saizi ya kiwandani, weka upepo ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, upime tairi zikiwa baridi. Kwa Subaru matairi yote manne yawe ya aina moja na yamelika sawa, la sivyo unaumiza giaboksi inayogawa nguvu mbele na nyuma. Hilo nalo ni gharama ya kuingiza kwenye hesabu.

Moshi ni safari ya kilomita kama 550, kwenda na kurudi 1,100. Hiyo ni chini ya mwezi wako mmoja wa kwenda Posta. Mwaka wako una kilomita zaidi ya 14,000 za kwenda kazini na 1,100 za barabara kuu, kwa hiyo usiruhusu mtu akuuzie gari kwa hoja ya Desemba. Barabara kuu magari yote matatu yanatulia. Mark X yenye gia sita inapendeza mno kutoka Segera kwenda Same, na ulaji wake unashuka sana kuliko mjini. Kinachokula huko ni upepo: ukitoka 80 kwenda 120, nguvu ya upepo inayokupinga inakuwa mara mbili na robo. Watu wengi wanaolalamika ulaji wa safari ni mwendo wao, na tochi za trafiki zinawaokolea mafuta bila wao kujua.

Kuhusu gesi. Kilo moja ya gesi ina nguvu inayokaribia lita moja na nusu ya petroli, kwa hiyo kwa mwenye kilomita nyingi hesabu yake inavutia, na teksi nyingi za Dar zimeshahamia huko. Kwa gari unalolitafuta wewe sikushauri haraka. Mtungi ni uzito mkubwa nyuma, na tumeshaongea kuhusu uzito. Swift ina buti dogo, ukiweka mtungi huna tena buti. Nguvu inapungua, kama sehemu moja ya kumi, yaani unalipa kuondoa kile ulichokinunua. Na Mark X ya CC 2500 ina injini ya 4GR-FSE, ileile ya Lexus IS 250, inayonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Nozeli zake zinapozwa na petroli inayopita. Ukiizima kabisa ukachoma gesi tupu zinaungua, kwa hiyo mtambo wa kweli wa gesi kwa injini hiyo lazima uendelee kutia petroli kidogo. Mtambo wa bei rahisi haufanyi hivyo. Injini hiyo pia hujenga kaboni kwenye valvu za kuingizia hewa, kwa sababu petroli haipiti kuziosha. Gari likitetemeka asubuhi na kula zaidi, mara nyingi ni hilo, na linasafishika.

Kuna gari la nne ambalo hukulitaja: RunX Z, ya injini ya 2ZZ-GE, CC 1800, farasi 190. Chini ya mizunguko 6,000 ni Toyota ya kawaida na inakula kama Toyota ya kawaida. Ukiivusha hapo, kamu ya pili inaingia na gari linabadilika sauti. Ingekufaa sana. Tatizo ni umri, zilitengenezwa 2001 hadi 2006, na nzima siku hizi ni adimu. Ukiipata nzima, niite tuitazame pamoja.

Kwa hiyo uamuzi wangu, ukiniuliza kama dada yangu wa tumbo moja: nunua Swift Sport. Kwa foleni ya Goba chukua CVT. Karatasini inakula kidogo kuliko manyuo, na ina vibonyezo nyuma ya usukani vya kubadili gia saba ukitaka kuendesha mwenyewe. Oili ya giaboksi hiyo iwe ya CVT, usikubali kuwekewa ya otomatiki ya kawaida. Watoto wawili wanakaa nyuma bila shida. Mizigo ya Moshi itabidi ipunguzwe. Kama watoto ni wakubwa au mnasafiri na bibi yao, mume wako ana hoja, na GRX130 nzima ni gari zuri sana kwa lita 46 zaidi kila mwezi. Impreza inunue kama umeziangalia hizo laki mbili na elfu kumi za kila mwezi na bado unaitaka. Lakini usidanganywe na bei ya kununulia. Impreza ikiwa nafuu kwa milioni tatu kuliko Swift, mafuta yatakuwa yameimeza tofauti hiyo katika miezi kumi na nne hivi.

Ukishalipata, fanya hivi. Nenda sheli moja, pampu moja, jaza mpaka pampu ikate yenyewe, usiongeze tone. Rudisha kilomita za safari kwenye sifuri. Endesha kama kawaida mpaka zifike 300. Rudi pampu ileile, jaza tena mpaka ikate, gawa kilomita kwa lita zilizoingia. Rudia mara tatu, kisha niandikie namba zote tatu. Swift yako ikisoma chini ya 9, usinunue kitu chochote kabla hujaangalia mshale wa joto.